Daftari Lililobaki kwa Mwalimu wa Kiyunani

Kabla hujagusa kamusi yake ulinawa mara tatu. Mara ya kwanza kwa maji matupu, ya pili kwa sabuni ya mche, ya tatu mbele ya macho yake mwenyewe. Ukishajikausha kwa taulo aliyokuja nayo kutoka nyumbani, alikushika mikono akavinusa vidole. Sisemi kwa mfano. Alivinusa kimoja kimoja, mwanamume mzima mwenye tai, halafu akasema "Haya" au akasema "Kesho." Mwenzetu mmoja wa kutoka Kiloleli, dada mpole ambaye kwao waliishi kwa kuanika na kuuza dagaa, aliambiwa "Kesho" tangu Januari mpaka karibu na Pasaka. Alimaliza chuo bila kuifungua kamusi ile hata siku moja, na leo anafundisha shule ya Jumapili na hataki kusikia neno la Kiyunani likitajwa.

Huyo ndiye mwalimu wetu wa Kiyunani katika chuo kidogo cha Biblia, nje kidogo ya mji wa Bariadi, nilikosoma miaka minne ili niwe mchungaji. Nitamsema vibaya. Wapo wenzangu waliokwisha kumsamehe, nao hunishangaa: wewe unasimama madhabahuni pale Maswa kila Jumapili kuhubiri msamaha, halafu umeshikilia kinyongo na mzee wa watu. Nawajibu kwamba mahubiri ni kazi yangu na kinyongo ni mali yangu, na sijawahi kuvichanganya.

Kwa asiyejua, Agano Jipya liliandikwa kwa Kiyunani cha kale, na kanisa letu halimbariki mtu kuwa mchungaji mpaka afaulu mitihani miwili ya lugha hiyo. Unaweza kuwa na sauti ya kutoa mapepo, unaweza kujua kufariji wafiwa hadi wakacheka, lakini bila mitihani hiyo miwili unarudi kwenu kulima pamba. Mlango ulikuwa mmoja na aliyekaa mlangoni alikuwa yeye.

Vitabu vilikuwa vinne. Kamusi kubwa, nene kama tofali la kuchoma. Kitabu cha sarufi chenye mazoezi kila mwisho wa sura. Kitabu chembamba cha majedwali ya vitenzi. Na Agano Jipya lenyewe kwa Kiyunani, lenye maandishi madogo ya kuumiza macho. Vyote alivipata kwa mmisionari mmoja aliyefungasha na kurudi kwao, na vyote alivivika majalada ya karatasi za kalenda, upande wa picha ukiwa ndani, ili nje kuwe kweupe. Aliviweka katika kabati la chuma ofisini, na ufunguo aliuning'iniza shingoni, chini ya shati, akitembea nao kanisani, shambani na msibani.

Shida ya kwanza ilikuwa kwamba vitabu vyote vinne vilieleza Kiyunani kwa Kiingereza. Sisi tulitoka shule za Meatu na Itilima ambako Kiingereza tulikikariri kama wimbo wa mchakamchaka. Kwa hiyo ili ujue neno moja la Mtume Paulo, ulilitoa kwenye Kiyunani ukalipeleka kwenye Kiingereza, ukakwama huko, ukatafuta kamusi ya Kiingereza, ukalileta kwenye Kiswahili, na kwa wengi wetu safari ilikuwa bado, maana nyumbani tulifikiri kwa Kisukuma. Neno lilitufikia limechoka. Mwalimu mzuri angeliona hilo na kutusaidia. Mwalimu wetu aliliona, na lilimfurahisha.

"Lugha hii ilikuwapo kabla ya babu zenu," alipenda kusema, "na itakuwapo mkishafeli."

Mwishoni mwa kitabu cha sarufi palikuwa na majibu ya mazoezi yote. Nilijua hivyo kwa sababu orodha ya yaliyomo ilisema hivyo, ukurasa fulani hadi ukurasa fulani. Ukienda huko ulikuta vishina vya karatasi tu, vimekatwa kwa wembe kwa unadhifu wa fundi cherehani. Kurasa zenyewe alikuwa nazo yeye, katikati ya Biblia yake, na alizitumia kusahihisha kazi zetu. Ukimuuliza jambo ambalo halimo katika kurasa hizo alikuambia, "Hilo ni la mwaka wa tatu." Tulipofika mwaka wa tatu tukamuuliza, akasema, "Hilo mlifundishwa mwaka wa kwanza."

Darasani hakuitikia salamu ya Kiswahili. Ulimwamkia kwa Kiyunani au ulisimama. Na bado mtu huyo huyo, akiwa kwenye baiskeli yake, akikutana njiani na bibi mwenye mzigo wa kuni, alishuka, akaiegemeza baiskeli mtini, akachuchumaa chini kabisa, akamwamkia kwa Kisukuma: "Mwangaluka, mayu." Bibi akaitikia, naye akaendelea, habari za watoto, za ng'ombe, za mvua, hapunguzi hata moja, mpaka bibi mwenyewe akachoka. Niliwahi kusimama nyuma yake nikisubiri amalize. Nilifikiri, kumbe unajua kuwa mtu. Jambo hilo halikunilainisha hata kidogo, liliniudhi zaidi.

Ng'ombe wake aliwapa majina ya herufi za Kiyunani. Mke wake, mama mtaratibu ambaye hakuwahi kutunyima uji, aliwaita kwa rangi zao kama watu wengine, na wawili hao walibishana kila asubuhi juu ya nani hajarudi zizini. Alikuwa na jike moja baya, lenye pembe zilizoinama mbele, likiitwa Theta. Lilimpiga teke mwanafunzi mwenzetu siku tulipokwenda kumsaidia mwalimu kuvuna mtama. Mwalimu alikuja mbio, akamkagua ng'ombe mguu, akaridhika, akarudi zake kivulini.

Sasa niingie kwenye jambo lililoniuma. Kwetu Usukumani mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizi moja. Anampa jirani au ndugu ng'ombe mmoja au wawili awatunze. Mtunzaji anakunywa maziwa, anachukua samadi kwa ajili ya shamba lake, lakini ng'ombe si wake, na ndama akizaliwa ni wa mwenye ng'ombe. Mwalimu aliuchukua utaratibu huo akauhamishia kwenye vitabu. Likizo ndefu ikifika, mwanafunzi aliyekubaliwa vidole vyake aliweza kuondoka na kitabu kimoja. Alikisoma, hayo ndiyo maziwa. Lakini alipokirudisha ilibidi kije na ndama, yaani daftari jipya ambamo amenakili kwa mkono, kwa wino, bila kufuta, sehemu ya kitabu hicho aliyopangiwa. Ndama alibaki kwa mwalimu, akiongezwa kwenye kabati, na mwaka unaofuata darasa jipya lilisomea ndama hao. Vitabu vyenyewe vilitoka mara chache sana.

Alijivunia mpango huo kupita kiasi. Wageni wakija chuoni aliwafungulia kabati, akawaonyesha madaftari yaliyopangwa kwa unene, akasema, "Nilianza na vinne." Wageni walipiga makofi. Hakuna aliyemuuliza wanaonakili wanapata nini.

Na ndama walizaliwa na kasoro. Mwanafunzi mmoja wa miaka ya mbele yetu alinakili kitabu cha sarufi jikoni kwao, maziwa yakamwagika, karatasi kadhaa zikagandana. Alipofika hapo aligeuza zote kwa pamoja, akaendelea na sura iliyofuata bila kujua. Daftari lake ndilo lililofundishia darasa lao, na lililofuata, na letu. Madarasa matatu tulipita bila kujua kwamba kuna sura nzima duniani. Tulikuja kuiona siku ya mtihani wa kwanza, ambao uliletwa na msahihishaji wa nje, swali la pili, lenye alama nyingi. Tulitazamana chumba kizima. Tulifeli karibu wote, tukarudia mwaka. Mwalimu alipoambiwa alikwenda kabatini, akafungua kitabu chenyewe, akazibandua zile karatasi kwa kisu, akaisoma sura ile.

"Mngeuliza," alisema.

"Tungeulizaje kitu tusichokijua, Mwalimu?" Nilikuwa mimi. Hapo ndipo aliponishika jina, au tuseme aliponishika kijiji, maana tangu siku hiyo hakuniita jina langu tena. Aliniita "wewe wa Mwandoya."

Basi mwaka ule wa kurudia, mimi wa Mwandoya nilipewa kamusi. Mpaka leo sijui kwa nini. Labda vidole vyangu vilikuwa visafi, labda aliona aibu, ingawa aibu sikuwahi kuiona kwake. Aliifunga kwenye mfuko wa nailoni, kisha kwenye kiroba cha mbegu za pamba, akaifunga kamba mara nne. "Ndama wako ni orodha ya maneno ya Agano Jipya, alfa mpaka omega," akasema. "Neno la Kiyunani, maana yake kwa Kiswahili. Basi."

Nilikwenda nayo nyumbani Mwandoya. Ilikuwa kiangazi, pamba imekwisha kuuzwa, watu wamekaa. Mama yangu alikuwa ameanza kuumwa kifua, hatoki nje ya ua, na alifurahi kumpata mtu wa kukaa naye mchana kutwa. Nilitandika mkeka barazani, kamusi juu ya mto, daftari magotini. Siku ya pili mama akauliza ninaandika nini. Nikamwambia maana ya neno kwa Kiswahili. Akasikiliza, akasema, "Na sisi tunalo." Akalitaja kwa Kisukuma.

Nikaliandika pembeni. Hivyo tu ndivyo ilivyoanza. Kuanzia hapo kila neno nililitafsiri mara mbili, na mara ya pili ilikuwa ya mama. Sikuishia kwenye neno. Mama hakuweza kutaja neno bila kulieleza, na nilijifunza kuandika anayosema, jinsi anavyosema, pamoja na kuhama kwake mada. Tulipofika kwenye uvumilivu, alikataa neno la kwanza nililompa, akasema hilo ni la mtu aliyekosa la kufanya. Akanipa lingine, la ng'ombe anayesimama akamuliwe huku nzi wanamsumbua machoni, na hasogei kwa sababu anajua ndama wake anasubiri. Lilikuwa neno zuri sana. Sitaliandika hapa kwa sababu silikumbuki vizuri, na hilo ndilo deni ninalomdai mwalimu.

Kwa neno la amani alicheka, akasema hilo tunasalimiana nalo kutwa, mhola, mbona Wayunani wamelisumbukia. Kwa neno la malisho alinieleza ngitili ya baba yake, ilivyofungwa majani yakue mpaka wakati wa njaa ya mifugo, nani alilinda, nani aliingiza ng'ombe kwa wizi na alitozwa nini. Ukurasa mzima. Kwa neno la huzuni hakusema kitu siku hiyo, akasema nimuulize kesho, na kesho yake akanipa maneno matatu, moja la mjane, moja la mtu aliyepotelewa na mfugo, na moja la mtoto anayeachishwa ziwa. Tulimaliza omega siku mbili kabla ya chuo kufunguliwa. Lilikuwa daftari la kurasa mia mbili, limejaa hadi ndani ya jalada.

Nilipolifikisha ofisini mwalimu alilifungua akasimama. Alisoma kurasa za kwanza akiwa amesimama, akakaa, akasoma tena. Mimi nilikuwa nimekwisha kuirudisha kamusi, nimesubiri, na mwishowe nikasema nilichokuja kusema: kwamba nitamnakilia orodha ya Kiswahili peke yake, safi, wiki mbili tu, ila daftari hili naomba nirudi nalo, maana lina maneno ya mama.

"Umelizalia wapi?" akauliza.

"Nyumbani."

"Kwa kitabu cha nani?"

"Chako, Mwalimu. Lakini maneno ya pembeni hayamo kwenye kitabu chako."

"Ndama huchukua rangi popote," akasema, "na bado ni wa mwenye ng'ombe." Akaliweka kabatini, akafunga, akarudisha ufunguo chini ya shati.

Sasa niseme kitu ambacho kila mzee wa kwetu anakijua. Mwenye ng'ombe aliye na utu, akishaona mtunzaji amefanya kazi vizuri, humwachia ndama mmoja awe wake. Watu wengi wameanza mazizi yao kwa ndama huyo. Ni sehemu ya utaratibu, kama samadi na maziwa, na asiyeifanya anasemwa. Mwalimu aliuchukua utaratibu wote wa babu zetu akauacha mstari huo mmoja. Nilimwambia hivyo hivyo, mwaka wa nne, mbele ya wenzangu. Akasema yeye anafundisha Kiyunani, mila nikaulize kwetu.

Nilifaulu mitihani yote miwili, kwa alama ambazo sitazitaja. Nilibarikiwa. Nikampelekea barua, hakujibu. Nikamtuma mzee wa kanisa mwenye heshima zake, akarudi na salamu nyingi na mikono mitupu. Nikaomba nifike tu ofisini ninakili daftari langu mwenyewe, nikiwa nimekaa pale pale anaponiona, nimenawa mara kumi kama anataka. Akasema kabati halifunguliwi kwa watu wa nje.

Mama alikufa masika yaliyofuata. Siku ya mazishi, nikiwa nimekaa na wanaume chini ya turubai, nilimwona mwalimu akishuka kwenye bodaboda, ametoka Bariadi mpaka Mwandoya kwenye barabara ile iliyokatika kwa mvua, suruali imejaa matope mpaka magotini. Alitoa rambirambi. Alichimba kaburi na vijana, alivua koti akachimba kweli, na alipoombwa kusema neno alisema vizuri kuliko mchungaji aliyeongoza ibada. Nilimtazama mikononi tangu alipofika. Nilikuwa na hakika amelileta daftari langu. Nilifikiri, huyu mtu ana roho, anasubiri tu watu wapungue. Watu walipopungua nikamfuata alipokuwa ananawa miguu.

"Mwalimu, wabheja kwa kuja."

"Mhola, bhabha. Pole sana."

"Lile daftari."

Aliendelea kunawa. "Msibani si mahali pa kudai vitabu," akasema, akapanda bodaboda iliyomleta.

Nilimchukia siku hiyo kwa namna ambayo sikujua ninaiweza. Nilirudi kwa waombolezaji nikakaa, na watu walipoona nalia walidhani ni kwa ajili ya mama tu.

Kwa miaka mingi nilijaribu kulirudisha daftari kutoka kichwani. Kazi yangu ni vijijini, kwa wazee ambao Kiswahili kwao ni lugha ya serikali, na mara nyingi nimesimama mbele yao nikiwa na andiko mkononi, nikijua kabisa kwamba neno lipo, mama alinipa, la ng'ombe anayesimama na nzi, na mdomo ukabaki wazi. Dada zangu waliolewa mbali na wanakumbuka mengine, haya hawayakumbuki. Niliokota kama maneno ishirini. Siku hizi wanafunzi wa chuo wana kamusi zote za Kiyunani ndani ya simu, wanazipekua wakiwa wanakula chipsi, na ninafurahi sana kwa ajili yao. Lakini hakuna simu yenye mama yangu.

Mwaka jana nilisikia kwamba mwalimu amestaafu, sukari imemla macho, haoni kabisa. Nitakuwa mkweli: wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba kipofu hana haja ya kabati. Nikapanda gari la asubuhi kutoka Maswa, nikashuka stendi ya Bariadi, nikachukua bodaboda mpaka kwake. Njiani nilipanga maneno makali na kuyapanga tena.

Mke wake alinipokea. "Mwangaluka, bhabha mchungaji," akasema, akanipitisha ndani ya ua. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, miguu imevimba, imewekwa juu ya kigoda. Hakuwa na tai.

"Nani?"

"Ni mimi, Mwalimu. Wa Mwandoya."

"Wa Mwandoya walikuwa wawili. Mvivu au mbishi?"

"Mbishi."

"Umefuata nini?"

"Daftari langu."

Mke wake ndiye aliyejibu. Alisema walipohama nyumba ya chuo waliyaweka madaftari yote katika chumba cha nje. Upepo uliezua bati, mvua ikanyesha siku tatu, na ilipokwisha mchwa wakamalizia. Vile vitabu vinne mwalimu alivibeba mwenyewe ndani, kimoja kimoja, katika mvua hiyo. Madaftari hayakubebeka. Akanionyesha kile chumba. Palikuwa na majembe na debe la mbegu.

Nilisema mambo ambayo mchungaji hasemi. Nilimwita mwizi mbele ya mke wake. Nilimwambia kwamba aliokoa vitabu vinavyouzwa dukani Dar, akaacha kilichokuwa kimoja tu duniani kikaliwe na wadudu, na kwamba mama yangu nilimzika mara moja na yeye amemzika mara ya pili. Mama wa watu alikuwa ameshika sahani ya karanga, hajui aiweke wapi. Mwalimu alisikiliza mpaka nikamaliza, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama anayesahihisha.

"Alfa," akasema.

Sikumwelewa.

Akataja neno la kwanza la Kiyunani. Akataja maana yake kwa Kiswahili, kwa yale yale maneno yangu. Kisha akataja la Kisukuma, na bila kupumzika akaendelea, "Hili wasichana wa siku hizi hawalijui, wanasema lile la redioni, andika hivyo hivyo." Hiyo ilikuwa sauti yake mbovu ya darasani, lakini sentensi ilikuwa ya mama yangu. Alikuwa amesema hivyo barazani, na mimi nilikuwa nimeandika hata ile "andika hivyo hivyo." Akaenda la pili. Akaenda la tatu.

Mke wake aliniambia baadaye, akinisindikiza, kwamba macho yalipoanza kwenda daktari alimwambia yatakwisha kabisa. Mwalimu alichagua daftari moja katika yale yote, akalisoma kwa sauti kila asubuhi zizini, miaka miwili, mpaka ng'ombe wakazoea. Yeye mke alimuuliza kwa nini hilo na si kamusi yenyewe. Alimjibu kwamba mengine yote yamenakiliwa kutoka mahali, na huko bado yapo.

Sikuwa na hata karatasi. Mama yule alileta daftari la mjukuu wake, lenye picha ya twiga, nikakaa chini kwenye mchanga maana kiti kingine hakikuwapo, nikaandika. Nilikuwa nimekuja kumnyang'anya, na nilikuwa mwanafunzi wake tena kabla jua halijafika utosini. Akanikaripia vile vile kama darasani. "Usinirudishe nyuma." "Ulikuwa wapi nikisema?" "Unaandika vibaya, naisikia kalamu." Baada ya kama saa moja sauti ilikatika, akasema basi, nirudi wiki ijayo. Nikamwomba aendelee kidogo. Akasema kama nina haraka nikamuulize mwingine.

Nakwenda kila Jumanne. Natoka Maswa na gari la kwanza. Ana saa moja ya nguvu, mara nyingine nusu, na haruki. Ukimwomba neno la mbele yake anakataa, lazima afuate mpangilio, la sivyo anapoteza yote. Sasa tumefika lambda, karibu na katikati ya herufi. Neno la ng'ombe na nzi liko mbele bado, na la huzuni lenye sehemu tatu liko mbele zaidi. Jumanne iliyopita alisinzia katikati ya mstari na mke wake akasema kidonda cha mguuni hakifungi, watampeleka hospitali. Nilikaa na kalamu mkononi nikimtazama kifua kama kinapanda.

Sijamsamehe. Hajaomba, na mimi sijatoa. Lakini kila Jumatatu jioni napiga magoti nyumbani kwangu na kumwombea kwa nguvu ambazo washirika wangu hawajawahi kuzipata kwangu: sukari ishuke, kidonda kifunge, pumzi isimwishie, akili ikae. Mke wangu anasikia kutoka jikoni na anaamini nimelainika. Sijamwambia kwamba namwombea mpaka omega tu.